Golikipa Ni Mmoja

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kukiri: mwandiko ule ni wangu.

Timu yetu ya mtaani pale Kibiti ina daftari la kamati, kubwa, jalada gumu, ambalo hukaa kwangu kwa sababu mimi ndiye katibu. Ukatibu wenyewe sikuuomba. Nilimaliza kidato cha nne, naandika hadithi, na kwa watu wa kijiweni kwetu mtu anayeandika hadithi hawezi kushindwa kuandika mihtasari ya vikao. Basi ndani ya daftari hilo kuna ukurasa wa kikao cha mwaka 2024, kile cha kuchagua wachezaji kabla ya mashindano kuanza. Mstari wa mwisho unasema kipa wa tatu ameachwa "kwa utoro wa mazoezi". Maneno manne tu. Nimeshaandika hadithi zenye uongo mwingi, wafu wakafufuka, wachumba wakakutana stendi baada ya miaka ishirini, na hakuna hata moja iliyonikosesha usingizi. Maneno haya manne yamenikosesha.

Swali ninalotaka tuliangalie ni hili. Tunapomchagua mmoja na kumwacha mwingine, yule tuliyemwacha anatudai nini? Wapo watakaosema hatudai kitu. Timu si sadaka, bwana. Nafasi ni moja, wanaoitaka ni watatu, wawili lazima wakose. Hata mimi nilisema hivyo siku ile, tena kwa sauti kubwa, chini ya mkorosho tunaofanyia vikao.

Huenda unajiuliza kwa nini nimeng'ang'ania golikipa. Ni kwa sababu nafasi nyingine uwanjani zinavumilia huruma. Ukiwa na viungo watatu wazuri utawapanga wote: mmoja akabe, mmoja achezeshe, wa tatu umtupe pembeni, atanung'unika lakini atacheza. Mshambuliaji utamwingiza dakika ya sabini, akafunga, akabebwa juu juu. Golikipa ni mmoja. Kipa wa akiba anaweza kupasha misuli moto mechi zote za msimu na jezi yake isiguse mchanga. Kwa hiyo unapochagua kipa huna pa kujifichia. Unahukumu.

Sasa niwaeleze watu wenyewe. Majina siwataji, mtaa wetu ni mdogo.

Wa kwanza alikuwa mkongwe wetu, dereva wa bodaboda wa njia ya Kibiti na Bungu. Timu hii aliianzisha yeye na wenzake wawili, na nyavu za goli alizifunga kwa mikono yake kutokana na vipande vya jarife alivyowaomba wavuvi. Silaha yake ni mdomo. Anawapanga mabeki kama kondakta anavyopanga abiria wa saa kumi na mbili: wewe sogea, wewe toka hapo, wewe huyo mtu wako anapita. Nimeona mechi tulizoshinda bila yeye kugusa mpira mara tatu, kwa sababu ya kelele zake tu. Lakini goti la kushoto lilikuwa limeshachoka. Mpira wa chini upande ule ulikuwa unapita, na timu pinzani zilikuwa zimeshajua.

Wa pili, kijana wa mwenye duka. Mrefu, ana glavu za kweli zile zinazonata, ana viatu viwili, vya mchanga na vya nyasi. Mipira ya juu ni yake. Krosi ikipigwa unaweza kuanza kushangilia kabla hajaidaka. Tatizo lake ni miguu ya watu: mshambuliaji akija mbio na mpira ukiwa kati yao, yeye husita kidogo, kama mtu anayetaka kubisha hodi. Mazoezini hakukosa hata siku moja. Na baba yake aliipa timu mipira miwili na jezi nzima za rangi ya kijani. Hakutoa kwa masharti, naomba hilo lieleweke. Mzee yule alileta mzigo, akasema "karibuni vijana," akarudi dukani kwake.

Wa tatu alitoka delta.

Wengi mnaoishi Dar es Salaam mnaijua delta ya Rufiji kwa habari ya Königsberg, ile meli ya vita ya Wajerumani iliyojificha humo kwenye mikoko, Waingereza wakahangaika nayo kwa miezi, mpaka wakaimaliza Julai 1915. Kama meli nzima iliweza kupotea mle ndani, sembuse golikipa. Huo ndio msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, na ndani yake wanaishi watu, wanalima mpunga, wanavua kamba, watoto wanacheza mpira kwenye vijiuwanja ambavyo kona moja inaishia majini. Kijana wetu alikuwa Mnyagatwa wa vijiji vya huko. Tulimwona mara ya kwanza alipokuja kumwona shangazi yake Kibiti, akaombwa aingie golini kwa kuwa tulikuwa pungufu.

Sijui nimwelezeje. Mikono yake haikuwa na mbwembwe. Alikuwa anatoka golini mapema, mapema mno nilidhani mwanzoni, akakutana na mpira kabla mshambuliaji hajaamua atafanya nini. Akiwa na wasiwasi hasemi. Akidaka haangalii watu. Katika mechi ya majaribio mkongwe wetu mwenyewe, ambaye alikuwa anashindana naye nafasi hiyo hiyo, alinigeukia akaniambia, "Katibu, huyu mtoto ni golikipa. Sisi wengine tunakaa golini."

Kama uteuzi ungefanyika jioni ile, nisingekuwa na makala ya kuandika.

Lakini mazoezi yetu ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi jioni. Kwa mtu wa mjini hiyo ni saa nzuri, jua limepungua. Kwa mtu wa delta saa kumi ni jambo la kuulizana na maji. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji huwa bamvua, yanajaa sana na kupwa sana. Siku hizo mnamo saa nne, saa tano asubuhi vijito vya ndani vinabaki tope tupu, na mtumbwi unalala ubavu mpaka maji yarudi alasiri. Ukitaka kuwa Kibiti saa kumi huna budi kutoka alfajiri, wakati maji bado yapo, ufike Nyamisati, upande pikipiki hadi Bungu, utafute gari ya kwenda Kibiti, halafu ukae ukisubiri wenzako wamalize shughuli zao. Siku nzima imekwenda kwa ajili ya saa moja na nusu ya mpira. Na mwaka ule haukuwa mwaka wa kupoteza siku. Mafuriko ya Aprili 2024 yalikuwa yamefunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, mpunga ulikuwa umekwenda na maji, na kila mwenye mikono miwili alitakiwa kwao.

Mazoezi yalikuwa kumi na mawili. Alikuja matano.

Ndipo tukakaa kikao. Tulikuwa sita. Kocha aliuliza swali la kocha: nani bora? Hakuna aliyebisha, wote tulimtaja wa delta. Mwenyekiti akanyamaza kidogo, akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo." Methali hii, msomaji, imeua watu wengi katika vikao vya nchi hii kuliko inavyojulikana. Nahodha akajaribu: kijana anaweza kulala kwa shangazi yake wiki za mechi. Mwingine akauliza nani atamlisha. Mjadala ukaanza kuzunguka. Halafu mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, mimi namheshimu na watoto wake nacheza nao, akasema ile kauli iliyomaliza kazi: "Jamani, hivi ile mipira miwili tunayoipiga mateke ni ya nani?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Kicheko kile ndicho kilichopiga kura. Hakuna aliyenyoosha mkono, hakuna aliyesema "basi tumchague wa dukani kwa sababu ya mipira." Tulicheka tu, tukajua imekwisha. Na mwenyekiti akanigeukia: "Katibu, andika utoro wa mazoezi."

Nikaandika.

Nimefikiria sana kama uamuzi wenyewe ulikuwa dhuluma. Mwalimu wetu mmoja wa historia, siku moja mvua inapiga bati hatusikilizani, aliwahi kutusimulia habari za Aristotle. Mgiriki huyo katika kitabu chake cha siasa anauliza filimbi nzuri wapewe akina nani. Anajibu: wapewe wanaojua kuzipiga vizuri zaidi, wala si wenye ukoo mkubwa au sura nzuri, kwa kuwa filimbi ipo ili ipigwe. Kwa Aristotle basi kesi yetu ni nyepesi. Goli lipo ili lilindwe, apewe alindaye vizuri kuliko wenzake. Duka la baba halidaki mpira.

Nililipenda jibu hilo kwa muda. Linapendeza, na ukiwa na miaka ishirini na kitu unapenda majibu yanayokata kama panga. Lakini tatizo ni kwamba Aristotle anawakuta wapiga filimbi wakiwa tayari wanajua. Haulizi walijifunzia filimbi ya nani. Yule kijana wa dukani amekuwa mzuri kwa mipira ya juu kwa sababu tangu ana miaka kumi alikuwa na mpira wake mwenyewe na ukuta wa nyuma ya duka wa kuupigia. Wa delta amekuwa hodari wa kutoka golini kwa sababu kule kwao mpira ukipita unaingia majini, na anayeufuata ni kipa. Hakuna hata mmoja aliyejitengeneza peke yake. Ukisema "namchagua bora" unakuwa unachagua pamoja na ukuta, na maji, na mfuko wa baba.

Kuna habari nyingine ya kipa ambayo naipenda. Albert Camus, mwandishi aliyezaliwa Algeria akapata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1957, alikuwa golikipa wa vijana wa Racing Universitaire d'Alger, mpaka kifua kikuu kilipomtoa uwanjani akiwa na miaka kumi na saba. Inasimuliwa kwamba alianza kukaa golini utotoni kwa sababu ya viatu. Kipa hakimbii sana, soli haziishi upesi, na nyumbani kulikuwa na bibi mkali aliyezikagua kila jioni. Yaani nafasi yake uwanjani ilichaguliwa na umaskini kabla kocha yeyote hajamwona. Baadaye mtu huyo akaandika kwamba mengi aliyoyajua kuhusu maadili aliyapata kwenye mpira. Nami nasema, angekuwa katibu wa kamati angejua na mengine.

Kwa hiyo sitasema kumchagua wa dukani kulikuwa dhambi. Timu bila mipira si timu. Kama tungekaa pale tukasema waziwazi, "Tunajua huyu wa delta ni bora, lakini hatuna uwezo wa kumleta na kumtunza, na hatutaki kumuudhi mzee anayetuvalisha," mtu angeweza kutubishia, tukabishana, lakini tungekuwa tumesimama mahali. Sisi tulichukua sababu moja tukaificha, tukaweka nyingine inayopendeza. Hapo ndipo ninapoliona kosa, wala silioni kabla ya hapo.

Mtaniambia: lakini si ni kweli alikosa mazoezi? Ni kweli. Saba kati ya kumi na mawili. Na huu ndio uhodari wa uongo wa namna hii, kwamba ukimpeleka mahakamani anashinda. Kila neno lina ushahidi. Sheria ya mazoezi ilikuwa moja kwa wote, daftari la mahudhurio lipo, kila mtu anaweza kuhesabu. Ila sheria ya saa kumi jioni ilitungwa na watu ambao mlango wao haujai maji. Na hata hivyo haikuwa ndiyo sababu. Msimu wa kabla yake tulikuwa na winga, fundi kweli kweli, aliyekosa mazoezi karibu yote kwa kuwa alikuwa anapakia korosho, na alicheza mechi zote. Hakuna aliyemkumbusha methali.

Wakubwa zangu watakumbuka kelele za miaka ile Mbrazili Marcio Maximo alipokuwa na Taifa Stars, tangu 2006 hadi 2010. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, nakumbuka redio na watu kugombana mbele yake. Kwa kipindi kirefu cha miaka hiyo Juma Kaseja, ambaye mashabiki wengi walimhesabu ndiye kipa wa nchi, hakuitwa. Waliitwa wengine, akiwamo Ivo Mapunda, ambaye naye hakuwa kipa wa kubahatisha. Kila kijiwe kilikuwa na sababu yake: nidhamu, Usimba na Uyanga, ubishi wa kocha. Miaka ikapita. Mwaka 2019 Kaseja, akiwa KMC na umri wa miaka thelathini na minne, akaitwa tena. Agosti, Kasarani, katika kufuzu CHAN, sare na Kenya, zikaja penalti, Stars ikapita yeye akiwa golini. Septemba, Dar es Salaam, katika kufuzu Kombe la Dunia, sare na Burundi, penalti tena, Stars ikapita tena. Jioni ile watu walikuwa wanapiga meza na kusema, "Si tuliwaambia!"

Nami nilipiga meza. Lakini baadaye nikajiuliza, tuliambia nini? Penalti za mwaka 2019 haziwezi kusema kitu juu ya uamuzi wa mwaka 2008. Kama angezikosa zote, je, Maximo angekuwa na haki? Tuna tabia ya kungoja matokeo yatuhukumie. Timu ikishinda, uteuzi ulikuwa wa haki; ikifungwa, ulikuwa wa kubaniana. Hivyo ndivyo tunavyokwepa kuulizana sababu wakati sababu bado ipo moto. Na Maximo, umpende usimpende, nchi nzima ilijua kwamba uamuzi ni wake na ilijua pa kumfuata kugombana naye. Kijana wa delta hakuwa na pa kutufuata. Alikuwa na maneno manne.

Rafiki yangu mmoja wa kijiweni, ambaye nilimsomea makala haya yakiwa nusu, aliniambia ninajitesa bure. "Ungeandika ukweli ungemsaidia nini? Ungemuumiza zaidi. Utoro unaweza kurekebishwa, umaskini je?" Ni hoja nzuri, na nilikaa nayo siku mbili.

Jibu nililopata ni hili. Ukimwambia kijana kwamba ameachwa kwa utoro, unamrudisha kwao akiwa na picha yake mwenyewe ambayo si yake. Ataanza kujiona mvivu. Atakumbuka zile alfajiri alizoshindwa kuamka, ambazo kila mtu anazo, na atasema kweli, kosa ni langu. Ukimwambia kwamba ameshindwa na mipira miwili na seti ya jezi, ataumia, tena sana, lakini mikono yake itabaki mikono yake. Atajua kipi kimemshinda. Anaweza kukasirika na kwenda timu nyingine. Anaweza kusema mpira basi. Vyovyote atakavyoamua, ataamua juu ya jambo lililopo.

Na kuna mwingine tuliyemwibia, ambaye sikumfikiria kabisa mpaka nilipoanza kuandika: yule kijana wa dukani. Alidaka msimu mzima. Alidaka vizuri, nisimpunje. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tulitolewa robo fainali kwa bao ambalo hata mbilikimo kumi wasingelizuia, lilimgonga beki wetu likabadili njia. Lakini kijana yule hajui kama alichaguliwa kwa mikono yake. Anaposifiwa hajui sifa ni ya nani. Nadhani hata anahisi, kwa sababu kuna siku baada ya mechi, mvua inanyunya, aliniuliza kama utani, "Hivi katibu, mzee angekuwa fundi baiskeli ningekuwa hapa?" Nikamwambia aache ujinga, avue jezi iloe. Nikaondoka haraka.

Mnaosoma gazeti hili wengi mnaandika, au mnataka kuandika, kwa hiyo mambo haya mnayajua kwa upande mwingine. Umepeleka hadithi mahali. Umesubiri miezi minne. Imerudi na kijikaratasi: nafasi ilikuwa finyu. Nilishawahi kupata vijikaratasi vitatu vya namna hiyo, na nikaamini kwamba tatizo langu ni urefu, nikaanza kukatakata hadithi mpaka zikabaki mifupa. Wa nne, mhariri mmoja mzee, aliniandikia kwa kalamu kwamba mwanamke katika hadithi yangu haongei kama mwanamke yeyote aliyewahi kukutana naye. Niliikasirikia barua ile wiki nzima. Halafu nikaanza kumsikiliza mama yangu anavyoongea na wateja wa vitumbua. Simaanishi kila mhariri anaweza kumwandikia kila mtu. Karatasi nazo ni pesa. Nasema tu kwamba kijikaratasi cha uongo kilinigharimu miaka miwili, na barua ya kweli wiki moja.

Na sisi tunaotaka kuwa waandishi tuna jambo la ziada. Tunapewa madaftari. Katika mtaa, katika msiba, katika harusi, katika chama, mwenye mwandiko ndiye anayeitwa. Tunadhani uandishi wetu utaanza siku riwaya itakapotoka. Kumbe watu wameshatusoma. Ile mihtasari, zile barua za kuombea wazee, zile orodha za michango, ndizo vitabu vyetu vya kwanza, na vina wahusika wanaoishi jirani. Ndani ya hadithi nikimwua mtu kwa uongo hakuna anayelia. Ndani ya daftari lile nilimwandika mtu mtoro na akawa mtoro. Msimu uliofuata nilimsikia mchezaji mpya ambaye hakuwahi hata kumwona akisema, "Yule wa delta? Mzuri lakini mtoro."

Mkongwe, kwa taarifa yenu, tulimwambia kwamba "anapumzishwa". Alicheka. Alisema, "Semeni goti." Sasa ndiye anayewafundisha makipa, na goti hilo analitaja mwenyewe kabla ya mtu mwingine kulitaja.

Basi mwaka jana, mwezi Novemba, nilikwenda Nyamisati. Nilikuwa na shughuli nyingine, nisijifanye mwema sana, kulikuwa na mzigo wa mtu wa kupokea. Lakini daftari nililibeba. Nilimkuta pale gatini akipakua matenga ya kamba, amepanuka mabega, nusura nisimtambue. Tukasalimiana. Nikamwambia kuna jambo. Nikafungua ukurasa, nikampa asome mwenyewe, halafu nikamweleza kilichotokea chini ya mkorosho, pamoja na kicheko, na kwamba nami nilicheka.

Alisoma ule mstari, akaupitishia kidole. Mkono ulikuwa na maji ya kamba, wino ukafifia kidogo pale kwenye "utoro". Akasema, "Kaka, mimi nilikuwa nawaambia watu wa nyumbani kwamba ni maji. Kwamba nimeachwa kwa sababu ya maji. Walikuwa hawaniamini." Akafikiri. "Kumbe hata maji hayakuwemo."

Nilimwomba radhi. Hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Aliniuliza yule kijana mrefu bado anadaka. Nikasema anadaka. Akauliza kama bado anasita mshambuliaji akimjia. Nikasema kidogo. Akanieleza, akiwa amechuchumaa juu ya tenga, kwamba anachokosea ni kuangalia miguu. Aangalie mpira, miguu itajiendea. Akaniambia nimfikishie.

"Na hili lingine," akasema, akionyesha daftari kwa kidevu, "naye mmemwambia?"

Nikasema bado.

Wenzake walikuwa wanamwita, maji yalikuwa yameanza kupwa na mtumbwi ulikuwa unagusa chini. Akasukuma, akarukia ndani. Habari ya kuangalia mpira nimeshaifikisha. Ile nyingine bado ninayo, na kikao cha msimu mpya ni Jumapili hii, saa kumi jioni, bamvua.